Haki ya Mtazamaji

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Walisema hivyo kumwonya mtu atakaye kuficha mambo yake hadharani, na kumwachia mpita njia uhuru wa kuona kilicho mbele yake. Lakini wahenga hao hawakuijua sinema, ambayo ni pazia la namna nyingine: kitambaa cheupe ambacho hakifuniki kitu bali hufunua, na katika kufunua huko hukata, maana hapana picha isiyo na kingo nne, na kila lililo nje ya kingo hizo huwa kana kwamba halikuumbwa. Katika kurasa hizi nataka kuuliza swali ambalo limekaa moyoni mwangu kwa miaka mingi. Je, mtu aweza kuipenda kwa haki picha iliyomwacha nje? Na akiipenda, mapenzi hayo ni usaliti kwa watu wake, au ni jambo jingine ambalo bado hatujalipa jina?

Nalitamka neno haki kwa makusudi, kwa sababu mapenzi yenyewe hayana shaka. Mimi ni mzaliwa wa Bunda, na picha nisemayo ni ile ambayo jina lake kwa lugha yetu ni “Serengeti Haitakufa”. Ilitengenezwa na Mjerumani Bernhard Grzimek pamoja na mwanawe Michael, ikatoka mwaka 1959, na mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Nimeiona ikitupwa juu ya shuka katika kiwanja cha mpira, jenereta ikinguruma nyuma ya gari la sinema. Nimeiona katika kanda iliyochakaa. Na siku hizi naiona katika kompyuta, ambamo naweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma nipendavyo. Kila mara naianza kwa kiburi cha mtu ajuaye kitakachofuata, na kila mara hunishinda.

Hunishinda mahali pamoja. Baba na mwana walikuwa na ndege ndogo waliyoipaka milia kama pundamilia, nao waliruka juu ya uwanda wakihesabu wanyama. Sasa, mtu aliyezaliwa kando ya mbuga huwajua wanyama kwa hasara zao. Tembo kwake ni shamba la mihogo lililolazwa chini kwa usiku mmoja; fisi ni mbuzi aliyepungua zizini; nyumbu ni mavumbi ya mbali, na mara chache ni kitoweo. Huwajua mmoja mmoja, tena kwa karibu mno, tena kwa upande wa shari. Ndege ile ilinichukua juu, ikanionyesha kwamba wale niliowajua kwa vipande walikuwa kitu kimoja, chenye mwendo mmoja, kifuatacho mvua kwa mpango ambao hapana aliyeupanga, kama siafu wahamapo. Niliingiwa na kicho. Jirani yangu wa miaka yote nilimjua jina lake la pili, na aliyenitajia jina hilo alikuwa mgeni. Hilo ni deni, wala mtu mwungwana halikani deni lake kwa sababu mdai ana makosa.

Lakini makosa yapo, na si haki kuyapita. Ukanda wa magharibi wa hifadhi hiyo, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, hunyosha mkono wake kuelekea Ziwa Viktoria hata karibu na Ghuba ya Speke. Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita mbele ya lango la Ndabaka kabla hajafika mjini Bunda. Pande hizo ni za Waikizu, Wanata, Waikoma, Waisenye, Wangoreme na jamaa zao, watu ambao wazee wao walikuwa na majina ya vilima na visima vilivyomo ndani ya eneo ambalo leo huingiwa kwa tikiti. Katika picha ile mtu wa nchi huja kwa sura mbili. Yuko mfugaji wa Kimasai, ambaye ng'ombe wake huhesabiwa kuwa washindani wa wanyama wa pori. Na yuko mwindaji haramu, mwenye mitego ya nyaya. Sura ya tatu, ya mkulima aliyekuwa akiwinda kwa msimu kama baba yake na babu yake, na aliyekijua kila kilima kwa jina, sijaiona humo hata leo. Mtu huyo alilala usiku akiwa mwindaji, akaamka asubuhi akiitwa jangili, bila ya kuhama kitandani.

Usiku ule wa kiwanja cha mpira, mitego ilipotokea juu ya shuka, watu walinyamaza. Sauti ya picha ilikuwa ikinena kwa lugha tusiyoijua, na kijana wa gari la sinema alikuwa akitufasiria kwa kipaza sauti kwamba huo ndio uovu unaomaliza mali ya taifa. Kisha mzee mmoja aliyekaa mbele, juu ya kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, akasema kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto: “Fundo lile si la kwetu.” Basi. Hakutetea ujangili wala hakuulaumu. Alikuwa ametazama kitanzi, na katika kitanzi aliona mkono wa mtu, na mkono ule hakuutambua. Watu wachache walicheka. Mimi sikucheka, ila sikujua kwa nini.

Nililijua miaka mingi baadaye, niliposoma kisa cha kuku. Kisa hicho hujulikana na wale wachunguzao mambo ya sinema. Kilisimuliwa na John Wilson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mkaguzi wa afya alitengeneza picha ya kuwafundisha watu wa kijiji kimoja cha Afrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Aliitengeneza polepole sana, hatua baada ya hatua. Ilipokwisha, watazamaji waliulizwa wameona nini, wakajibu: “Kuku.” Waliouliza walistaajabu, maana hawakujua kwamba katika picha yao mlikuwa na kuku. Wakaichunguza tena kwa makini, kipande kwa kipande, na kweli, katika pembe moja kuku alikuwa amekatiza kwa muda wa kama sekunde moja.

Kisa hicho kimetumiwa mara nyingi kuonyesha kwamba Mwafrika wa kijijini hakujua kutazama. Wilson mwenyewe alikuwa na hoja ya maana zaidi, kwamba kutazama picha ni jambo la kujifunza kama kusoma. Lakini waliokipokea kisa mkononi mwake wengi walibakiza kicheko tu. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Mtengenezaji aliitazama picha kwa shauri lake, na kwa hiyo hakuona chochote kilicho nje ya shauri hilo. Mtazamaji aliitazama kwa maisha yake, akaona kiumbe hai cha pekee anachokifahamu: ambaye hula punje, ambaye huchinjwa mgeni akija, ambaye hakuamriwa na mtu kuwapo pale. Kati ya wawili hao, nani alikuwa kipofu? Na mzee wetu wa Bunda, alipoona fundo mahali ambapo mpigaji picha aliona uovu, alikuwa amemwona kuku wake.

Fikira kwamba sisi tulihitaji picha za polepole, zisizo na hila wala ujanja wa kamera, ilikuwa na historia nchini. Tangu mwaka 1935 hata 1937 jaribio kubwa la sinema za mafunzo kwa Waafrika lilifanywa na makao yake huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na baadaye Kitengo cha Sinema cha Makoloni kiliufanya upole huo kuwa kanuni. Lakini katika picha hizohizo za mafunzo mambo yalipenya ambayo waliozitoa hawakuyatazamia. Mwaka 1952 kijana mmoja wa idara ya maendeleo ya jamii alicheza nafasi kuu katika picha iitwayo “Muhogo Mchungu”. Jina lake lilikuwa Rashidi Kawawa. Miaka 10 baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sijui kuku mkubwa kuliko huyo aliyepata kukatiza mbele ya kamera.

Yako maoni mawili yanayopinga hali yangu ya kupenda na kulalamika kwa pamoja. Rafiki yangu mmoja, msomi wa Musoma, husema kwamba mapenzi ya namna hii ni kasumba: mtu aliyefutwa hufurahia ustadi wa aliyemfuta, kama mtumwa asifuye urefu wa kiboko. Mwingine husema kinyume chake, kwamba uzuri hauna kesi ya kujibu; picha ikipendeza imetimiza wajibu wake, na atakaye haki aende mahakamani. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka mingi, wala sikuweza kusimama upande wa mmoja wao.

Wa pili ndiye rahisi kujibiwa. Picha ya Grzimek haikutaka kupendeza tu. Ilitoka katika mwaka uleule ambao mipaka ya Serengeti ilichorwa upya na Ngorongoro ikatengwa, na mtengenezaji alikuwa na rai kali juu ya mipaka hiyo. Alitaka ulimwengu umsikie, umchangie fedha, umwunge mkono. Basi picha yake ilikuja kama shahidi ajavyo barazani. Na shahidi, hata awe na sauti tamu namna gani, huulizwa: ulisimama wapi, uliona nini, na mgongo wako uliuelekeza wapi? Kumwuliza hivyo si kumwita mwongo. Mtu aweza kusema kweli tupu juu ya yote aliyoyaona na bado baraza likadhulumu, ikiwa litafungwa baada ya shahidi wa kwanza.

Wa kwanza ni mgumu zaidi, kwa sababu ana uchungu, na uchungu wake una asili. Fikiri jambo hili. Grzimek alianza kipindi chake cha wanyama katika televisheni ya Ujerumani mwaka 1956. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994; serikali iliihesabu kuwa anasa ambayo nchi maskini haikuweza kuigharimia, ingawa Zanzibar ilikuwa na yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba kwa miaka 38 mbuga iliyo nyuma ya nyumba zetu iliweza kuingia katika vyumba vya watu wa Frankfurt kabla hakijapatikana chombo ambacho kwacho mtu wa Bunda angeweza kuitazama nyumbani kwake. Tulitazamwa muda mrefu kabla ya kutazama. Mtu wa namna hiyo, apatapo nafasi ya kuona, huona kwanza jinsi alivyoonekana. Na jambo hilo laweza kumtia mtu hasira ya haki.

Hata hivyo rafiki yangu hukosea anapodhani kwamba mtazamaji ni chombo kitupu kinachojazwa. Nilipata kuiona picha ya “Hatari!” katika banda la video mjini Musoma, watu wamebanana juu ya mabenchi, joto la ziwa limetuganda shingoni. Picha hiyo ilitengenezwa na Howard Hawks, ikatoka mwaka 1962. Ilipigwa nchini Tanganyika, pande za Arusha, kabla kidogo ya Uhuru, na mtu aweza kuitazama yote asishuku kwamba taifa lilikuwa karibu kuzaliwa nyuma ya gari lile la kukamata vifaru. Wenyeji humo hushika kamba. Lakini mambo mawili yalitokea katika banda. Kwanza, tulishangilia kwa moyo wetu wote, kwa sababu John Wayne na wenzake waliwakimbiza wanyama wa kweli kwa mikono yao, na mtu wa Mara hahitaji kufundishwa hatari ya kifaru ni nini. Jina la picha ni neno letu, na kwa mara hiyo neno halikuongopa. Pili, yule mwanamke wa Kizungu alipolea watoto wa tembo, na wenyeji wakamwita Mama Tembo, wakamchukua na kumpaka rangi kwa sherehe, naye hafahamu kinachotendeka, banda zima liliangua kicheko, na kicheko hicho sicho alichokitazamia Hawks. Yeye alitaka tucheke pamoja na mgeni aliyeduwaa. Sisi tulicheka pamoja na wenyeji wake. Kwa dakika chache wenye picha tulikuwa sisi. Hapana mtumwa wa kiboko katika kicheko kile.

Tena, rafiki yangu husahau kwamba mambo haya hayakuamuliwa na wageni peke yao. Mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, aliyezaliwa mwaka 1922 katika nchi ambayo si mbali na mbuga hiyo, ndiye aliyetoa tamko la Arusha la Septemba 1961, lililoahidi kwamba wanyama wa pori watalindwa kwa ajili ya wajukuu wetu. Waweza kusema alihitaji fedha za watalii, nawe hutakuwa umesema uongo. Waweza kusema pia kwamba mtu aliyekulia vilima vile alijua anachokilinda. Serikali yake ndiyo hiyohiyo iliyokataa televisheni, na bado mwisho wake ulikuja kuonekana kwa televisheni: alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Mimi nilikuwapo Butiama siku hiyo, katikati ya umati. Niliona migongo ya watu. Jamaa zangu waliokaa nyumbani mbele ya televisheni waliniambia baadaye mambo ya mazishi yale ambayo sikuyaona kabisa, na nilikuwa na haya kidogo kuwasikiliza. Lakini mimi nilijua vumbi lilikuwa na ladha gani, na nilisikia wanawake walio karibu nami wakimlilia kwa Kizanaki, wakimwita kwa jina la utoto, Kambarage, si kwa jina la cheo. Kilio kile kamera haikukitafuta. Tulipokaa pamoja usiku, wao na mimi, ndipo maziko yalipokuwa kamili.

Naam, hiyo ndiyo haki ninayoitafuta tangu mwanzo: mtazamaji awe shahidi wa pili. Shahidi wa pili haji kumvunja wa kwanza. Huja kuongeza. Na pengine hapana awezaye kuongeza vema kuliko yule aliyependa alichoonyeshwa, kwa kuwa asiyependa hutazama mara moja akaondoka, na kuku hukatiza kwa sekunde moja tu.

Nami nikimpa Grzimek haki yake, napaswa kumpa kamili. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile ya milia iligongana na tumbusi angani, ikaanguka, na Michael akafa akiwa kijana wa miaka 24. Akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba aliimaliza picha bila ya mwana, akisaidiwa na kijana wa Kenya, Alan Root, na alipokufa mwenyewe mwaka 1987 alipelekwa kulala kando ya mwanawe. Nijuapo hayo siwezi kuitazama ndege ikiruka juu ya uwanda bila ya kukaza mikono. Kwetu mzee aliyefiwa na kijana hasemwi vibaya mbele ya kaburi. Husubiriwa matanga yaishe. Miaka imepita mingi, na nadhani yamekwisha.

Basi na liulizwe swali moja lililo kubwa kuliko mengine. Picha ile ilikuwa na hofu kwamba wanyama watakwisha. Baba na mwana walihesabu wanyama wakubwa 366,980 katika uwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu peke yao walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Kilichowaongeza ni nini? Ulinzi ulisaidia, wala sibishi. Lakini wachunguzi wa elimu ya wanyama wametaja sababu iliyo kuu: kutoweka kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja; njaa ikafuata, na ndui, watu wakapungua, vichaka vikaota juu ya malisho, mbung'o wakaingia. Pori ambalo wageni walilikuta na kulidhani kuwa ni la tangu kuumbwa kwa dunia lilikuwa kwa sehemu fulani mahame. Kisha katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ng'ombe wa vijiji vilivyoizunguka mbuga walichanjwa, mwaka kwa mwaka, na ugonjwa ulipokosa makao kwa ng'ombe ulitoweka kwa nyumbu pia. Mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umekomeshwa duniani kote. Ng'ombe yule ambaye picha ilimwona kuwa adui wa mbuga ndiye aliyekuwa mlango wa uzima wake.

Mambo haya yalikuwa yakitendeka katika miaka ileile ya kupigwa picha, nje kidogo ya kingo zake nne. Mpaka leo sijaona picha ya sinema ya mganga wa mifugo akiwa amesimama mbele ya zizi na bomba la sindano mkononi, na foleni ya wafugaji wakinung'unika kwa kuchelewa kwenda malishoni, na mtoto akimshika ndama kwa masikio. Lakini kila nyumbu wale wanapovuka uwanda, na muziki unapopanda, na mikono yangu inapokazana juu ya meza, mimi nakitazama kipembe cha chini cha picha, kule ambako mavumbi ni mazito.